Mti wa Krismasi Usiwafukuze Watu Sebuleni

KILA mwaka ifikapo wiki ya pili ya Desemba, mimi huulizwa swali la namna moja na majirani na marafiki wanaojua kwamba naandika katika kurasa hizi. Mtoto anakohoa usiku kucha, chakula ni kile kile, blanketi ni zile zile, shida imetoka wapi? Nami huwauliza kama mti wa Krismasi umeshatolewa chini ya kitanda.

Wengine hucheka. Mimi sicheki, maana yaliyotupata nyumbani kwangu Desemba ya mwaka 2019 bado nayakumbuka vizuri.

Shemeji yangu anaishi Dallas, Marekani. Mwaka huo alihama nyumba, akaona badala ya kuutupa mti wake wa plastiki ni heri autie ndani ya kontena pamoja na nguo na vyombo alivyokuwa akituletea. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Mti wenyewe ulikuwa wa futi tisa. Huko kwake dari ya sebule iko juu kama ya kanisa, na katika picha alizotutumia mti ule ulionekana wa kiasi tu. Sisi tunaishi Embakasi, katika fleti ya vyumba viwili vya kulala, orofa ya tatu. Sebule yetu ina futi kumi kwa kumi na moja, na kutoka sakafuni hadi darini ni futi nane na nusu.

Katoni ile ilikuwa na uzito wa kilo thelathini hivi. Vijana wawili waliipandisha ngazi wakihema. Jioni hiyo tulipoanza kuunganisha mti, mama watoto alisimama mlangoni pa jikoni akautazama, akasema, "Mzee, huu mti hauingii hapa." Nilimjibu kwamba utaingia. Kwa kweli uliingia. Ncha yake ilipinda darini kama mtu mrefu aliyepanda matatu, na matawi ya chini yakatanuka futi tano na nusu kutoka upande huu hadi ule. Kiti kirefu cha sofa kikasukumwa hadi kikaziba nusu ya njia ya kwenda jikoni. Meza ya chai ikahamia chumbani. Kabati la televisheni likabaki nyuma ya matawi, televisheni ikichungulia kwa shida.

Majirani walikuja kuutazama. Nakiri kwamba nilivimba kichwa.

Usiku wa tatu, kijana wetu wa miaka sita, ambaye ana ugonjwa wa pumu, aliamka akipumua kwa mlio kama wa filimbi. Si mara ya kwanza, na dawa yake ya kuvuta, ile inhela ya rangi ya samawati, ina mahali pake: droo ya juu ya kabati la televisheni. Sote nyumbani twajua, hata dada yake mdogo. Lakini usiku huo droo ilikuwa nyuma ya mti. Nilitambaa chini ya matawi nikaifikia, nikaivuta, ikafunguka kiasi cha vidole viwili tu, kwa sababu chuma cha kitako cha mti kilikuwa kimeizuia. Mtoto yuko mikononi mwa mama yake, mabega yanapanda na kushuka. Nikausukuma mti kwa bega. Ukayumba, ukaanguka juu ya sofa, ncha yake ikilala karibu na mlango wa kutokea nje.

Dawa niliipata. Haikutosha, ikabidi tumpeleke hospitalini, na ili tutoke tulilazimika kwanza kuuruka mti. Kulipopambazuka alikuwa anapumua vyema. Daktari wa zamu, baada ya kumsikiliza kifua, aliuliza swali ambalo sisi wenyewe tungepaswa kujiuliza: "Kuna kitu gani kipya nyumbani?"

Sina budi kueleza kidogo, maana wengi wetu hudhani kwamba mti wa plastiki hauwezi kumdhuru mwenye pumu kwa kuwa hauna utomvu wala harufu. Plastiki yenyewe huenda isiwe na neno. Shida ni kule mti ulikolala kwa miezi kumi na moja. Ule wetu ulikuwa umekaa gereji kwa miaka. Miti mingi hapa Nairobi hulala chini ya kitanda, juu ya kabati la nguo, au katika kona ya ukuta unaovuja. Matawi yake ya nywelenywele hushika vumbi, na pakiwa na unyevu huota kuvu. Kisha siku moja katika Desemba, mara nyingi mvua za vuli zikiwa bado hazijakauka vizuri kutani, mti hutolewa, unatikiswa, kila tawi linakunjuliwa, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Vumbi lote la mwaka linaingia katika chumba kimoja na mapafu ya watoto waliozunguka wakishangilia.

Sasa, rai yangu mimi si kwamba watu waache mti. Nimesikia wahubiri na hata madaktari wakisema hivyo, kila mmoja kwa sababu zake. Nilikulia katika nyumba ambamo Krismasi ilikuwa tawi moja la msaiprasi lililosimamishwa kwenye mkebe wa Kimbo uliojazwa mchanga, likapambwa kwa pamba na karatasi za peremende, na nisingependa mtoto yeyote anyimwe furaha ile. Ninachopinga ni dhana tuliyo nayo kwamba sebule ina nafasi inayongojea kujazwa.

Haina. Katika nyumba za kupanga za mijini, kila futi ya sakafu ina kazi. Pale ni njia ya nyanya anayekwenda msalani usiku. Hapa pananing'inia kurunzi. Pale godoro la mgeni hutandikwa. Kwenye dirisha lile ndiko hewa huingia wakati jiko linawaka. Mti wenye upana wa futi tano na nusu hukalia takriban futi za mraba ishirini na nne, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya sebule kama yetu, na hayo ni kabla ya kuhesabu sofa. Lazima kitu fulani kihame. Na kwa kuwa tunaupamba mti kwa haraka tukiwa na furaha, hatuulizi kilichohama kilikuwa na kazi gani.

Kilicho kizito zaidi ni njia ya kutokea. Tazama madirisha ya fleti yako. Kwa kuogopa wezi, karibu yote yamefungwa kwa vyuma visivyofunguka. Huko kwa shemeji yangu, moto ukizuka sebuleni watu wanaweza kutokea dirishani au mlango wa nyuma. Sisi tuna mlango mmoja tu, na karibu kila mara mlango huo unafungukia sebuleni, chumba kile kile tunachosimamisha mti. Ukiuweka mti kati ya vyumba vya kulala na mlango huo umewafungia watoto wako ndani bila kutia kufuli.

Kuna watakaosema kwamba miti ya siku hizi imeandikwa kwenye katoni kuwa haishiki moto. Maandishi hayo yana maana kwamba plastiki imetiwa dawa ya kuchelewesha moto. Hayana maana kwamba haiungui. Na plastiki aina ya PVC, ambayo ndiyo iliyo katika miti mingi ya bei nafuu, ikiungua hutoa gesi kali ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho na koo, pamoja na moshi mweusi. Katika chumba cha futi kumi, mtu hulemewa na moshi kabla ndimi za moto hazijamgusa. Kwa hivyo, stima ikipotea, kama inavyopenda kufanya wakati wa sikukuu, mshumaa usiwashwe karibu na mti hata kidogo. Tumia kurunzi.

Kuhusu stima yenyewe, miti inayotumwa na ndugu zetu kutoka Marekani ina hatari yake ya pekee ambayo wengi hawaijui. Mti wetu ulikuja na taa zilizokwisha kufungwa kwenye matawi. Plagi yake ilikuwa ya meno mawili bapa. Nikaenda dukani nikanunua kiunganishi cha kubadilisha plagi, nikachomeka. Taa ziliwaka kwa mng'ao ambao sijawahi kuuona, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi, halafu zikazimika na kuacha harufu ya kuungua. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 240. Kiunganishi kile hubadilisha umbo la meno ya plagi peke yake, nguvu ya umeme haiguswi. Volti zikiongezeka maradufu, joto katika balbu kama hizo huweza kuwa mara nne ya lile lililokusudiwa. Sisi tulipoteza taa tu. Ziondoe, ama ukate waya wake kabisa ili asitokee mjanja wa kuujaribu tena, kisha ununue taa zilizotengenezewa volti 240, na ikiwezekana ziwe za LED ambazo hazipati joto jingi. Na ekstensheni moja isibebe mti, friji, televisheni na pasi kwa pamoja.

Tuje kwenye namna ya kuutosheleza mti ambao tayari unao, kwa sababu najua hakuna atakayeutupa mti aliotumiwa bure au aliolipia maelfu ya shilingi.

Kabla ya jambo lolote, chukua futikamba upime dari, kisha utoe futi moja. Hiyo iliyobaki ndiyo urefu wa mti pamoja na kitako na nyota ya juu. Baada ya hapo chukua magazeti ya zamani, uyatandaze sakafuni kwa duara lenye upana wa matawi ya chini, uyaache hapo siku nzima na jamaa waishi nayo. Kama watu wanayakanyaga wakienda jikoni au mlangoni, mti hautoshi mahali hapo. Jambo hili halina gharama yoyote, na lingetuokoa sisi ule usiku.

Miti mirefu ya plastiki huja kwa vipande vitatu au vinne vinavyochomekana. Watu hudhani ni lazima vyote vitumike. Si lazima. Kipande cha chini kabisa ndicho chenye matawi mapana zaidi, hivyo ukikiacha ndani ya katoni unapunguza urefu na upana kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba nguzo ya kipande cha pili mara nyingi ni nyembamba kuliko tundu la kitako, na mti utacheza. Usijaze karatasi kwenye tundu ukadhani umemaliza. Isimamishe nguzo hiyo ndani ya ndoo imara, ujaze mchanga na mawe hadi juu, ushindilie, kisha uifunike ndoo kwa kitambaa. Kumbe hekima ya mkebe wa Kimbo haikuwa ya umaskini tu.

Njia nyingine ni kuufanya mti kuwa nusu. Uegemeze ukutani, na matawi ya upande wa nyuma uyaache yamekunjwa na kufungwa kwa kamba, au kama ni ya kuchomeka usiyachomeke kabisa. Anayetazama kutoka kwenye sofa hatajua tofauti. Lakini elewa kwamba mti wa namna hii una uzito mwingi mbele kuliko nyuma na utapenda kuanguka usoni mwa mtoto anayevuta pambo. Ufunge kwa waya au mshipi wa kuvulia samaki, sehemu mbili, kwenye msumari imara ukutani. Vile vyuma vya dirishani nilivyovilaumu hapo awali vinafaa sana kwa kazi hii, mradi mti usizibe dirisha.

Kuna wanaokata ncha kwa msumeno ili mti usiguse dari. Sishauri. Hupunguzi upana, ambao ndio adui mkubwa, na unabakiza chuma chenye makali.

Kuhusu kupamba, nina neno moja kwa akina baba. Stuli ya plastiki iliyowekwa juu ya meza si ngazi. Nyakati za sikukuu watu wazima huvunjika mikono na nyonga kwa sababu ya nyota ya shilingi mia mbili. Ivalishe nyota ncha ya mti kabla hujakiinua kipande cha juu, na hutahitaji kupanda popote.

Mapambo nayo yapangwe kwa kufikiria mkono wa mtoto mdogo kabisa aliye nyumbani. Hasa nawaogopa vitaa na vikaragosi vyenye betri ndogo za duara kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo ikakwama katika njia ya chakula, inaweza kuchoma nyama za ndani vibaya katika muda wa saa mbili. Usingoje aitoe kwa haja kubwa kama sarafu, wala usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja, na useme wazi kwamba ni betri. Vifaa ambavyo kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, mimi siviruhusu kuingia kwangu.

Jambo la mwisho kuhusu mti wenyewe ni umri wake. Miti ya mitumba nimeiona Gikomba na kwingineko, na bei yake inavutia. Miti ya zamani ya PVC iliweza kutiwa madini ya risasi ili plastiki idumu, na plastiki hiyo inapozeeka hukatika na kudondosha unga unaobeba risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Ukiona matawi yanamwagika vipande kama majani makavu na mkono unabaki na unga ukiyashika, huo mti umekwisha siku zake, uwe mkubwa au mdogo. Ununuapo mpya, tafuta ulioandikwa kuwa ni wa PE, au angalau usio na risasi.

Usafi hauchukui muda mrefu. Utoe mti ungali katika katoni yake, uupandishe kule juu ya paa kunakoanikwa nguo, mwenye pumu akiwa mbali. Vaa barakoa, ukung'ute, kisha upanguse matawi kwa kitambaa chenye unyevu na uuache jua liupige hadi ukauke. Januari unapoufungasha, usiurudishe katika katoni ya karatasi inayofyonza unyevu. Tumia mfuko mzito wa plastiki uliofungwa vizuri, na kama kuna mahali pengine popote, usiuweke chini ya kitanda cha mtoto.

Nimalizie kwa jambo ambalo daima hunichekesha. Sisi watu wa Nairobi huhangaika na mti kwa wiki nzima, tunahamisha sofa, tunagombana kuhusu taa, halafu tarehe 23 tunafunga nyumba na kupanda basi kwenda mashambani. Mti unabaki peke yake ukimetameta kwa ajili ya panya. Kama nawe ni miongoni mwetu, chomoa plagi yote ukutani kabla ya kufunga mlango. Kuzima swichi ya kwenye ekstensheni hakutoshi.

Mti wa shemeji tunao bado. Kipande chake cha chini hatukitumii, matawi yake tuliyagawia majirani wakapambia milango. Vilivyobaki vinasimama kwenye ndoo ya mchanga kama futi sita hivi, nusu yake ukutani, na tumevifunga kwenye chuma cha dirisha ambalo halifunguki hata hivyo. Shemeji alipotupigia simu ya video alituuliza mti mwingine umekwenda wapi. Inhela ya kijana siku hizi inaning'inia kwenye msumari ubavuni mwa mlango wa chumba chake, kwa urefu ambao yeye mwenyewe anaufikia gizani.